Anahukumiwa kwa chama au kwa kosa? Lowassa, Escrow na vipimo viwili tunavyotembea navyo wapigakura

Wakuu salaam,

Uzi ni mrefu, na humu ndani nimejibu pia hoja za waliokwisha kuchangia. Atakayechangia naomba asome kwanza hadi mwisho, kwa sababu najua nitakapogusa jina fulani kuna watu watarukia hapo hapo na kusahau mengine.

Kila ripoti ya CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) inapotua bungeni mwezi wa nne, najua kitakachosemwa mitandaoni na vijiweni kabla sijafungua hata ukurasa. Hoja ikimgusa wa upande wa pili, aya moja ya ripoti inatosha: mwizi, afungwe, afilisiwe. Ikimgusa wa kwetu, sote tunageuka mawakili. Hoja ya ukaguzi siyo hukumu. Apewe nafasi ya kujibu. Kwa nini yeye, na kwa nini sasa? Mwenye ushahidi aende mahakamani. Kinachoniuma ni kwamba maneno hayo yote yana ukweli ndani yake. Tunaujua vizuri ukweli huo, ila tunaukumbuka siku ya mtu wetu tu. Mkuki kwa nguruwe.

Nitaanza na mfano ambao wengi wetu tuliuishi: Edward Lowassa. Mzee alifariki tarehe 10 Februari 2024, na simfungulii kesi kaburini. Hakuwahi kushtakiwa mahakamani kwa suala la Richmond, na hilo lisemwe wazi. Ninaowajadili hapa ni sisi tuliokuwa tunamhukumu na kumsafisha.

Kwa wadogo ambao hawakuwepo: mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa, mgao wa umeme ukawa wa kutisha, serikali ikaingia mkataba wa dharura na Richmond, kampuni ya Houston kule Marekani, walete mitambo ya megawati 100. Uwezo hawakuwa nao, mkataba ukahamia Dowans. Bunge likaunda Kamati Teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Ripoti iliposomwa Februari 2008, Lowassa akiwa Waziri Mkuu akasimama bungeni kutangaza kwamba ameandika barua ya kujiuzulu, huku akilalamika kuwa kamati haikumhoji. Mawaziri wawili, Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha, wakaondoka naye, na Rais Kikwete akalivunja Baraza zima.

Miezi michache kabla ya hapo, 15 Septemba 2007, Dk. Willibrod Slaa, wakati huo Katibu Mkuu wa CHADEMA, alikuwa amesimama Mwembeyanga, Temeke, akasoma orodha ya majina ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi. Lowassa alikuwemo. Kuanzia hapo jina lake likawa mtaji wa upinzani kwa karibu miaka minane. Hakukuwa na mkutano wa CHADEMA ambao Richmond haikutajwa. Upande wa CCM walikuwepo waliomtetea kwa nguvu zote: ile ilikuwa ajali ya kisiasa, mzee kabeba msalaba wa wengine.

Ikaja Julai 2015. CCM wakamkata Dodoma kwenye mchujo wa mgombea urais, na tarehe 28 mwezi huo huo akahamia CHADEMA na kuwa mgombea urais wa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani.

Pale Manzese kuna kijiwe cha kahawa nilichokuwa napita jioni nikitoka kazini. Walikuwepo wazee wawili wa drafti, mmoja CHADEMA kindakindaki, mwingine balozi wa nyumba kumi wa CCM. Kwa miaka mingi ubishi wao ulikuwa mmoja. Wa CHADEMA anasema "Richmond", balozi anajibu "mwenye ushahidi aende mahakamani". Agosti ile nikawakuta wamebadilishana sentensi, neno kwa neno. Balozi ndiye aliyekuwa akisema taifa haliwezi kukabidhiwa kwa mtu wa Richmond, na mwenzake akigonga kete mezani anauliza: amehukumiwa na mahakama gani? Waliokuwa wamekaa hapo wakaitikia kila mmoja kwa upande wake, kama vile mambo yalikuwa hivyo tangu zamani. Sikuona mtu hata mmoja aliyeshtuka.

Kura zilipohesabiwa, Lowassa alipata 6,072,848, karibu asilimia 40. Machi 2019 akarudi CCM. Basi waliokuwa wanaimba "Lowassa, Mabadiliko" wakakumbuka tena ufisadi, na waliokuwa wanasema hafai wakampokea kama mzee wa chama aliyerudi nyumbani. Frederick Sumaye, Waziri Mkuu wa miaka kumi, naye alipita njia hiyo hiyo: akatoka 2015, akarudi Februari 2020, na midomo ikageuka pamoja naye.

Sasa naomba tutulie hapa. Kati ya 2008 na 2019 ni ushahidi gani mpya uliopatikana? Hakuna kesi iliyofunguliwa dhidi yake. Hakuna uchunguzi wa pili wa Bunge. Ripoti ya Mwakyembe ni ile ile, kurasa zile zile. Mamilioni ya watu wazima wenye akili timamu walibadili hukumu yao mara mbili juu ya tukio moja, na kilichokuwa kimebadilika ni rangi ya kadi tu.

Kuna watu waliokataa kugeuka, na walivyofanyiwa kunatufundisha. Dk. Slaa alikaa kimya wiki kadhaa, kisha tarehe 1 Septemba 2015 akajitokeza na kusema anaachana na siasa za vyama kwa sababu hawezi kumnadi mtu aliyemtaja Mwembeyanga. Profesa Lipumba alishajiuzulu uenyekiti wa CUF mwezi uliotangulia. Mnaweza kuwa na maoni yenu juu ya waliyoyafanya baadaye, nami ninayo yangu. Lakini katika wiki zile, mtu aliyesema jambo lile lile alilolisema miaka minane nyuma aliitwa msaliti, kanunuliwa, ana wivu. Kwa maneno mengine, chama kizima kilihama kutoka kwenye msimamo wake, na aliyebaki pale pale ndiye akaonekana kahama.

Kuhusu hoja ya "ilikuwa mbinu"

Nimeona wachangiaji wawili wamekuja na hoja kwamba UKAWA walihitaji mtu mwenye mtandao ndani ya CCM, bila yeye kura zisingefika pale. Hoja nzito hiyo, na siipuuzi. Siasa ni hesabu. Huwezi kuing'oa serikali iliyokaa madarakani tangu uhuru kwa kutumia watu wasio na doa peke yao.

Lakini kuna namna mbili za kumchukua mtu mwenye tuhuma. Ya kwanza unawaambia wafuasi wako: huyu ana jambo hili, tumelipima, tumeona faida ni kubwa kuliko hasara, na hivi ndivyo tutakavyohakikisha halijirudii. Ya pili unawaambia jambo lenyewe halikuwepo. Tulichagua ya pili, tena kwa furaha, vijana wakadeki barabara apite. Na ubaya wake ni huu: ukishamwambia mfuasi wako kwamba Richmond haikuwa kitu, kesho ukimletea kashfa nyingine ya serikali unamletea kwa mdomo gani?

Na wana CCM msichekelee pembeni. Ninyi mlimlinda akiwa Waziri Mkuu aliyejiuzulu, mkamwita fisadi alipowakimbia, mkampigia makofi aliporudi. Kama kweli aliwaangusha, mlimpokea kwa lipi? Na kama hakuwaangusha, majukwaa yote yale ya 2015 mlikuwa mnasema nini?

Tegeta Escrow, na kipimo cha tatu ambacho hatukitaji

Hapa ndipo ningependa tukae zaidi, kwa sababu Lowassa tumemjadili sana na Escrow tumeisahau mapema mno.

Novemba 2014 PAC, yaani Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, mwenyekiti Zitto Kabwe na makamu wake marehemu Deo Filikunjombe, ilileta bungeni ripoti ya fedha zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizotoka kwenye akaunti ya Escrow ya Tegeta iliyokuwa Benki Kuu, ambako zilishikiliwa kwa sababu ya mgogoro kati ya TANESCO na IPTL, kampuni ya kufua umeme. Katika mgawo uliofuata, James Rugemalira wa VIP Engineering, iliyokuwa na hisa IPTL, aliwaingizia watu mbalimbali fedha: wanasiasa, majaji, watumishi wa umma, hata viongozi wa dini. Profesa Anna Tibaijuka alipokea shilingi bilioni 1.6. Andrew Chenge alipokea shilingi bilioni 1.6. William Ngeleja alipokea shilingi milioni 40.4. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu Desemba, Tibaijuka akaondolewa uwaziri mwezi huo huo, na Profesa Muhongo akajiuzulu Januari 2015.

Oktoba 2015 tukaenda kupiga kura. Tibaijuka akashinda Muleba Kusini. Chenge akashinda Bariadi. Ngeleja akashinda Sengerema. Muhongo, aliyekuwa mbunge wa kuteuliwa, akagombea Musoma Vijijini akashinda, na kabla mwaka haujaisha akarudishiwa wizara ile ile ya Nishati na Madini. Chenge akawa mmoja wa Wenyeviti wa Bunge, yaani akikalia kiti cha Spika na kuongoza mijadala. Kura zile zilipigwa kabla hata ya miezi kumi na miwili kutimia tangu nchi nzima ilipokesha kwenye redio na luninga kusikiliza ripoti ya PAC.

Sasa linganisheni wawili waliopokea kiasi kile kile. Tibaijuka alieleza kwamba fedha zile ulikuwa mchango kwa ajili ya shule aliyoianzisha, na alipotaja shilingi milioni 10 za mboga, nchi ilimrukia. Miaka imepita na bado jina lake likitajwa mtu wa kwanza kuandika ataandika "mboga". Huyu ni mama aliyeongoza UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, kwa miaka kumi. Chenge, ambaye mwaka 2008 alijiuzulu uwaziri wakati wa uchunguzi wa ununuzi wa rada baada ya kukutwa na zaidi ya dola milioni moja kwenye akaunti ya kisiwa cha Jersey, na ndiye aliyeziita "vijisenti", tulimtania pia, ndiyo. Lakini utani wake ulikuwa na harufu ya kumhusudu: mzee mjanja, mwanasheria msomi, hakamatiki. Kwa mama hasira ilikuwa ya namna nyingine: mwanamke kapata wapi, mroho, katuaibisha. Kosa moja, fedha zile zile, mtoaji yule yule, ila mmoja tulimhukumu kwa kosa na mwingine kwa kosa pamoja na jinsia yake.

Simtetei kwa hilo. Alipokea, aulizwe. Ila tuliomuuliza yeye mara kumi, yule mwingine tulimuuliza mara ngapi? Mnaona jambo lile lile kila uchaguzi. Mgombea mwanaume mwenye watoto nje ya ndoa ni suala binafsi. Mgombea mwanamke asiye na ndoa inageuka hoja ya jukwaani, hata bila kashfa yoyote.

Mpigakura wa Bariadi siyo mjinga

Mchangiaji mmoja ameandika kwamba tatizo ni elimu, wananchi wa vijijini hawajui. Nakataa kabisa. Wanajua sana, na wanapiga hesabu yao.

Chukua mkulima wa pamba kule Simiyu. Bilioni 1.6 zimepotea, sawa. Sehemu yake yeye katika hasara hiyo, ukiigawa kwa Watanzania wote, haifiki bei ya andazi moja. Lakini daraja alilolipigania mbunge, au simu anayoweza kumpigia waziri mhusika akasikilizwa, ni vya kwake moja kwa moja. Mbunge mpya asiye na doa ataanza kujifunza njia za wizarani, na miaka mitano inaisha. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, ndivyo wanavyokwambia ukikaa nao. Kwa mfumo tulionao, ambapo huduma inaonekana kama zawadi ya mbunge badala ya haki ya mlipa kodi, uamuzi huo una mantiki yake.

Kinachoharibu ni kwamba mkulima huyo huyo ukimtajia mbunge wa mkoa mwingine aliyefanya jambo kama hilo, atakwambia afungwe. Kwa sababu la yule hanufaiki nalo. Kwa hiyo kila jimbo linamsamehe wake na kuwalaani wa wenzake, na ukijumlisha majimbo yote, nchi inakuwa na Bunge lililojaa waliosamehewa.

Wala hili siyo la Watanzania peke yetu. Kule Benin, kwenye uchaguzi wa wabunge wa 2015, watafiti waliwapa wapigakura taarifa za utendaji wa wabunge wao bungeni. Ilionekana kwamba habari nzuri ilimwongezea mbunge kura kwa watu wa kabila lake, na habari mbaya ilimpunguzia kura kwa watu wasio wa kabila lake. Taarifa ilikuwa moja, kila mtu akachukua kipande kinachomfaa. Tafiti za aina hiyo zilifanyika pia Uganda, Burkina Faso, Mexico na Brazil, na kwa ujumla hazikuonyesha kwamba kuwapa watu taarifa peke yake kunabadili kura zao. Ndiyo maana huwa sishangai magazeti yanapofukua mambo mazito halafu hakuna kinachotikisika.

Mdau wa Mombasa aliyeuliza "Kenya je": mnalo hili hili, tena na katiba nzuri juu yake. Sura ya Sita ya Katiba ya 2010 inazungumzia uadilifu wa viongozi tu. Mwaka 2013 Uhuru na Ruto wakiwa na mashtaka ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, walishinda kwa asilimia 50.07, na kwa waliowapigia kura mashtaka yale yaligeuka sababu ya kuwapigia. Baada ya kushikana mikono Machi 2018, wafuasi wengi wa Raila wakapunguza sauti juu ya kashfa za serikali ya Uhuru. Na viongozi wa ODM, chama cha Raila, walipoingia kwenye baraza la Ruto mwaka 2024, kina Mbadi, Joho, Oparanya na Wandayi, waliokuwa wanampinga jana wakaanza kueleza kwa nini mambo yana pande mbili.

Kwa aliyeniita "chawa wa serikali"

Umesema haki gani hii ya kumpima mpinzani kwa kipimo kile kile cha mtawala wakati mtawala ana polisi, ana TAKUKURU, ana mwendesha mashtaka. Naomba nikujibu kwa heshima, kwa sababu hii ndiyo hoja bora kuliko zote zilizoletwa hapa.

Uko sahihi kwamba mashtaka yanaweza kutumika kama rungu. Tumeona watu wakikaa rumande miaka kwa kesi za utakatishaji fedha zisizo na dhamana, kisha kesi zikafutwa. Mtu aliyeyaona hayo akisikia kiongozi wake kashtakiwa, lazima ashuku. Kushuku huko ni busara.

Ila kuna maswali mawili, nasi tunayachanganya. La kwanza: alifanya au hakufanya? La pili: kwa nini wameamua kumshughulikia yeye, tena sasa? Inawezekana kabisa jibu la kwanza likawa "alifanya" na la pili likawa "wanamwonea". Yote mawili kwa pamoja. Sisi tukishalipata la pili tunalizika la kwanza. Anayedai haki anapaswa kusema: ndiyo, ruzuku ya chama ni fedha ya umma, CAG aikague, hesabu zikiwa na kasoro viongozi wetu wajibu, na kwa sauti ile ile tunataka waziri fulani naye ajibu. Hapo una nguvu ya kusimama jukwaani. Profesa Assad alipokuwa CAG alishangiliwa na upinzani kwa yale ya shilingi trilioni 1.5 zilizodaiwa kutojulikana zilikotumika, na Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Waliomshangilia walikuwa sahihi kumlinda. Lakini ofisi yake hiyo hiyo inakagua na vyama, na siku kasoro zilipokuwa za vyama sikusikia makofi.

Na kubwa ambalo ningependa tulibishanie: kuwajibika kisiasa hakuhitaji hukumu ya mahakama. Miaka ya 1970 Ali Hassan Mwinyi akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani alijiuzulu kwa sababu watu walikufa mikononi mwa vyombo vilivyo chini ya wizara yake kule Shinyanga. Hakumgusa mtu yeyote, hakuwepo. Hakusubiri kuulizwa ushahidi uko wapi. Na mwaka 1985 akawa Rais. Lowassa naye, nampa haki yake, aliachia uwaziri mkuu mzima. Siku hizi mtu haachii hata ujumbe wa kamati, kwa sababu amejua wapambe wake watadai hukumu ya Mahakama ya Rufani kabla hajatikisika, nao ndio sisi.

Hukumu ya jela inahitaji ushahidi usioacha shaka, na hiyo ni kazi ya hakimu. Kura haifungi mtu. Kumnyima mtu ubunge ni kumwambia tu atafute kazi nyingine. Kwa hiyo kiwango cha kumnyima kura kinaweza kuwa chini ya kile cha kumfunga, na hapo sina ugomvi na yeyote. Nikiambiwa waziri amepokea bilioni kutoka kwa mfanyabiashara mwenye maslahi serikalini na ameshindwa kueleza vizuri, simhitaji jaji anisaidie kuamua. Ninachoomba ni kiwango hicho, chochote utakachokichagua, ukiandike kabla hujajua jina la mtuhumiwa.

Napendekeza kitu kimoja cha vitendo kwa wana uzi huu. Ripoti ya CAG ijayo ikitoka, kila mchangiaji aanze na halmashauri yake mwenyewe, na diwani au mbunge aliyempigia kura yeye mwenyewe. Aweke ukurasa, aweke kiasi, aseme anataka nini kifanyike. Hao wengine tuwaachie wapigakura wao. Mimi nitaanza na Ubungo.